Kupiga picha ya vimelea vya malaria kwa simu kupitia hadubini

Mwongozo huu ni kwa mtaalamu wa maabara anayefanya kazi peke yake katika zahanati, hasa kwenye vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika kama Buhingu na Kalya, ambako slaidi yenye utata hungoja boti ya kwenda Kigoma mjini ndipo isomwe na mtu wa pili. Simu haichukui nafasi ya hadubini. Inamfikishia picha mwenzako mwenye uzoefu wakati mgonjwa bado yupo kituoni.

Hatua ya 1. Acha tone nene la damu likauke lenyewe, bila moto, kisha lipake rangi ya Giemsa ya asilimia 10 iliyochanganywa siku hiyohiyo na maji ya pH 7.2, kwa dakika 10 hadi 15. Usiharakishe hapa, kwa sababu chembe za rangi zisizoyeyuka huonekana kwenye picha kama vimelea, na anayeitazama akiwa mbali hawezi kuisogeza slaidi ili ajiridhishe.

Hatua ya 2. Weka tone la mafuta ya hadubini juu ya slaidi, tumia lenzi inayokuza mara 100, na utafute eneo zuri kwa jicho lako kwanza.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi hushindwa. Futa kioo cha kamera, chagua kamera kuu wala si ile ya kuona eneo pana, kisha isogeze simu polepole kuelekea lenzi ya jicho mpaka duara dogo la mwanga litanuke na kukijaza kioo cha simu. Ikipita hapo, kivuli cheusi huingia pembeni. Mkono mtupu hautulii, kwa hiyo kata kipande cha bomba la plastiki kinachoingia vizuri kwenye lenzi ya jicho na ukigundishe kwenye kava la simu, tundu lake likielekeana na kamera.

Hatua ya 4. Bonyeza kioo kwa muda ili kufunga fokasi, punguza mwanga hadi chembe nyeupe za damu zionekane kwa zambarau iliyokolea, na utumie kipima muda cha sekunde 3. Kwa kuwa tone nene lina kina, piga picha kadhaa za eneo moja huku ukizungusha kidogo skrubu ndogo ya hadubini.

Hatua ya 5. Tuma picha kama faili, kwani WhatsApp huzibana picha za kawaida na kuzifuta nukta ndogo za kiini cha kimelea. Andika namba ya maabara badala ya jina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu pia mgonjwa wa zahanati.

Idadi ihesabiwe kwenye hadubini yenyewe: kwa mfano, ukihesabu vimelea 120 dhidi ya chembe nyeupe 200, zidisha kwa 8,000 (makadirio ya chembe nyeupe katika kila maikrolita ya damu) na ugawe kwa 200, unapata 4,800 kwa kila maikrolita. Picha isiyo na kimelea haithibitishi chochote, maana ni eneo moja tu, ilhali slaidi huitwa hasi baada ya kutazama maeneo yasiyopungua 100.