Nati ya ekzosi ikikosekana: nilivyoirekebisha pikipiki niliyonunua Mikindani

Pikipiki hii niliinunua Mikindani mwezi wa sita, kwa kijana aliyekuwa anatafuta fedha ya palizi ya mikorosho. Cc 150, mtumba, kadi ipo, inawaka kwa kiki moja. Niliizungusha hadi barabara kuu, nikarudi, nikalipa. Kwangu ni kitendea kazi: alfajiri napakia samaki feri ya Mtwara, napita Naliendele na Nanguruwe, nauza Nanyamba, siku nyingine nauza Mnivata, kilomita 50 kutoka mjini. Jioni mwanangu wa darasa la tatu hupanda nyuma. Kwa hiyo kila kinacholegea kwenye chombo hiki kinanihusu sana.

Siku ya tatu nikaanza kusikia mlio mbele ya injini, tak-tak-tak, mkali asubuhi injini ikiwa ya baridi, unapungua ikishapata moto. Nikiachia mafuta kwenye mteremko, ekzosi inapasua. Fundi wa kwanza akasema ni valvu, akataka kufungua kava la hedi, yaani kichwa cha injini kinachokaa juu ya silinda. Nikamwomba asubiri, nikachuchumaa na tochi ya simu. Pale bomba la ekzosi linapoingia kwenye hedi hubanwa na kola yenye matundu mawili, na kila tundu lina stadi (bolti isiyo na kichwa iliyozamishwa kwenye hedi) na nati yake. Nati ya kulia ilikuwepo, imejaa kutu. Kushoto tundu lilikuwa tupu, na kuizunguka kola kulikuwa na masizi meusi kama ya sufuria ya kuni, yamesambaa hadi kwenye mapezi ya silinda. Moshi ulikuwa unatokea pale, wala si valvu.

Ukikuta hivyo, usikimbilie dukani kununua nati. Tundu tupu lina maana mbili. Huenda nati imefunguka ikadondoka na stadi bado nzima. Hiyo ni kazi ya dakika kumi. Au stadi yenyewe imekatika na kipande kimebaki kwenye hedi. Hiyo ni kazi ya siku nzima, na ukiifanya kwa papara unaharibu hedi, maana hedi ni alumini na stadi ni chuma. Piga brashi ya waya, mulika, uone unashughulika na nini. Ndani ya tundu langu niliona kisiki. Baadaye tulipotoa bomba, kilikuwa kimetokeza kama milimita nne, na pale kilipokatikia nusu ilikuwa nyeusi kwa kutu, nusu inang'aa. Yaani ufa ulianza zamani, ukakua polepole, kisha kilichobaki kikakatika kwa mara moja, pengine siku zilezile nilizoinunua.

Kwa nini ikatike? Jibu nililikuta nyuma. Sailensa inashikwa na bolti moja karibu na kikanyagio cha abiria. Yangu ilikuwa imefungwa kwa waya wa kufungia nondo, mizunguko mitatu, na juu yake imepakwa rangi nyeusi ili usiuone. Aliyekuwa nayo naye alikuwa anabeba samaki: maji ya chumvi yanayovuja kwenye tenga yalikuwa yanadondokea palepale hadi bolti ikaliwa. Bolti ya nyuma ikishaondoka, uzito wote wa sailensa unazielemea zile stadi mbili za mbele, na kila shimo la barabarani linazivuta. Ndiyo maana nasema ukikuta tatizo mbele, kagua nyuma kabla hujafanya lolote. Ukitengeneza mbele ukauacha waya nyuma, stadi mpya nayo itakatika.

Haya yote ningeyaona kabla ya kulipa, na wewe unaweza kuyaona. Mkute muuzaji injini ikiwa ya baridi. Akiwa ameshaiwasha kabla hujafika, subiri ipoe. Shika mwisho wa sailensa uitikise juu na chini: ikicheza, bolti ya nyuma haipo au imelegea. Paka maji ya sabuni kwenye kiungo cha mbele, kisha washa. Kama panavuja, povu litaruka sekunde zile za mwanzo kabla joto halijalikausha. Usiweke mkono karibu injini ikishapata moto.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja fundi wa Magomeni ya hapa Mtwara, tunamwita mjomba. Alipoiona ile nati iliyobaki hakuigusa kwa spana. Akaipiga brashi, akaipaka mafuta ya kulegeza kutu, kisha akaniambia, "Leo hatufungui, mjomba. Nenda kalale, njoo kesho." Kwangu huo ndio ushauri mkubwa kuliko yote. Nati iliyokaa miaka kwenye joto na hewa ya bahari ukiilazimisha siku hiyohiyo inaondoka na stadi. Kama huna mafuta ya kopo, dizeli inasaidia kidogo, petroli usithubutu. Kesho yake tumia spana ya ringi au soketi ya pembe sita, usitumie spana ya mdomo wazi, inakula kona za nati. Stadi ya milimita 6 kwa kawaida nati yake ni ya spana namba 10. Ya milimita 8 ni namba 12 au 13. Legeza robo mzunguko, rudisha kidogo, ongeza mafuta, legeza tena. Ukisikia inanyumbuka kama mpira badala ya kuzunguka, acha: hapo stadi inajisokota, inakaribia kukatika.

Kisiki tulikijaribu kwanza kwa plaizi ya kubana, ikateleza. Hapo tukamwita fundi wa kuchomelea. Lakini kabla ya cheche yoyote, mjomba alitoa tanki la mafuta akalipeleka mbali, akatoa na kabureta, akachomoa waya za betri. Usimruhusu mtu akuchomelee huku tanki liko juu ya pikipiki, hata akisema ni kidogo tu. Nati ikawekwa juu ya kisiki, ikachomelewa kwa ndani, na ikiwa bado ya moto ikazungushwa taratibu kwa spana. Ikatoka. Joto lenyewe la kuchomelea ndilo linaloachanisha kutu.

Kama kisiki kimekatikia ndani kabisa, mimi nakushauri ufungue hedi uipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kukereza. Kutoboa kwa drili ya mkononi ukiwa umepiga magoti kunapeleka tundu upande, na kile chuma cha kung'olea visiki kikikatikia ndani ni kigumu mno, drili ya kawaida haikigusi. Fundi wa mashine atatoboa katikati, na uzi wa tundu (ile mifereji ya kuzungushia) ukiwa umekufa atatia helikoili, koili ya waya inayokuwa uzi mpya.

Dukani kuwa makini. Nilipewa bolti ambayo kwa macho inafanana kabisa na yangu, kumbe ya inchi, 5/16, ambayo ni kama milimita 7.9. Bolti hiyo kwenye uzi wa milimita 8 inaingia mizunguko michache kisha inagoma, na ukiisukuma kwa spana inachana alumini. Nenda na nati yako ya zamani mfukoni, ijaribishe kwenye stadi mpya kwa vidole hapo dukani. Ikipita hadi mwisho bila nguvu, lipa. Nati zenye ringi ya plastiki kwa ndani usizitumie kule mbele, plastiki inayeyuka. Chukua za chuma au za shaba. Na nunua gasketi mpya, ile ringi inayokaa kati ya bomba na hedi. Ya zamani imeshabonyea, haiwezi kuziba tena.

Kufunga kuna utaratibu wake. Stadi tulizipaka grisi ya shaba kidogo kwenye uzi. Grisi ya kawaida inaungua pale. Gasketi ikikataa kukaa, ishikize na grisi hiyohiyo ya shaba kidogo. Weka bomba, funga nati zote mbili za mbele kwa vidole tu, weka na bolti ya nyuma kwa vidole. Angalia kama tundu la sailensa linalingana lenyewe na tundu la fremu. Lisipolingana usilivute kwa bolti, legeza mbele upange upya, maana bomba lililovutwa linaikaza stadi hata pikipiki ikiwa imesimama. Kisha kaza mbele kwa zamu, kidogo kushoto, kidogo kulia, ili kola ikae sawa. Mwisho kabisa kaza nyuma, na iwepo washa ya springi, ile ringi iliyokatwa inayozuia bolti isilegee. Kwa kipimo cha nguvu ya kukaza (Nm, yaani nyutonimita), stadi ya milimita 6 inatosha kwenye Nm 10 hivi, ya milimita 8 kwenye 20. Kwa asiye na spana ya kipimo, shika spana fupi karibu na kichwa chake, ukaze kwa kiganja, sio kwa bega.

Tenga la samaki sasa nimelitandikia karatasi ya nailoni inayoshusha maji upande wa kushoto, mbali na sailensa, na nikirudi kutoka Nanyamba naimwagia sehemu ile maji baridi ya bombani injini ikishapoa. Baada ya kilomita 100 hivi za kwanza nilikaza tena nati za mbele asubuhi kabla ya kuwasha. Ya kushoto ilikubali kama robo mzunguko.