Kufundisha Vita vya Maji Maji kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne

Mwanafunzi aliyesoma Maji Maji, vita vya 1905 hadi 1907 dhidi ya utawala wa Wajerumani kusini mwa Tanzania, kidato cha kwanza akaikuta tena mbele, orodha ileile ya sababu ikiwa imerefushwa tu, huchoka. Panda naye kwa swali. Wingi wa hoja za kukariri haumpandishi.

Kidato cha kwanza wajue lini na wapi. Kata kamba ya mita 4 na nusu, utie alama kila sentimita 20, mwaka mmoja kila nafasi, kuanzia 1885 hadi 1907. Tumia kalamu ya wino mzito. Usifunge mafundo, maana hula kamba na nafasi hazitalingana. Tundika karatasi: 1891 Lugalo (Wahehe walipowashinda Wajerumani), 1898 kifo cha Mkwawa, mtawala wa Wahehe, 1902 mashamba ya pamba ya lazima, Julai 1905 Wamatumbi wang'oa pamba Nandete. Miaka ikipangwa tu ubaoni mmoja chini ya mwingine, mtoto huona Mkwawa na Maji Maji ni jambo moja. Kamba inamwonyesha mita 1.4 kati yao. Kisha ramani: Kilwa, Liwale, Mahenge, Songea.

Kidato cha pili ni kwa nini, na hapa ndipo somo huharibika zaidi. Tenga vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Darasa la wanafunzi 60 ligawe makundi kumi, kila kundi vikadi sita vya manila: kodi, pamba, maakida (wasimamizi waliowekwa na Wajerumani), viboko, kazi ya lazima, maji ya Kinjekitile (dawa ya mganga huyo iliyoaminika kugeuza risasi kuwa maji). Wavipange na kuviunga kwa mishale, wakieleza kila mshale kwa sentensi moja. Baada ya dakika 25 waambie watoe kadi moja: vita vingetokea? Makundi mengi huweka maji juu kabisa kama chanzo. Usiwasahihishe upesi. Waulize: kodi na viboko vilikuwapo kabla ya maji, maji yaliongeza nini? Watafika wenyewe kwenye umoja wa Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na Wangoni. Wape pia tarehe hizi, waone kwamba vita viliendelea bila yeye: Kinjekitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na boma la Wajerumani la Mahenge likashambuliwa tarehe 30 Agosti.

Kidato cha tatu wapime ushahidi. Weka pamoja taarifa ya afisa wa Kijerumani na masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, mwaka 1968. Nani anasema, baada ya muda gani, akimwambia nani? Aya moja kwa kila upande yatosha. Kurasa tatu zitaliwa na kutafsiri maneno magumu. Kwenye idadi ya waliokufa, Wajerumani walitaja 75,000, wanahistoria wa baadaye wakafika hadi 300,000. Wanafunzi wataka kuchukua wastani. Wakatalie: tofauti imetokana hasa na waliouawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa, na wastani huwafuta watu hao.

Shule iliyo Songea au Kilwa isiache wazee wa mtaani. Mwanafunzi aombe ruhusa kwanza, aandike mzee amesikia kwa nani, na asimkatize.

Kidato cha nne ni kutetea msimamo: je, Maji Maji ilishindwa? Kila aya iwe na dai, ushahidi wenye mwaka au mahali, na sentensi inayounganisha viwili hivyo. Hiyo ya tatu ndiyo wanayoiruka, basi sahihisha hiyo peke yake kwa insha mbili za mwanzo.