Jinsi ya Kumzuia Askari Asilewe Madaraka: Mwongozo kwa Msimamizi wa Zamu

Anayesimamia zamu ya polisi, iwe Kondele mjini Kisumu au Bondeni mjini Nakuru, na aanze kwa kukubali kwamba askari anayempiga mwendeshaji bodaboda usiku si lazima awe aliajiriwa akiwa katili. Madaraka humbadilisha mtu polepole, na dalili zake hujitokeza katika mambo madogo yaliyo ndani ya uwezo wako kuyarekebisha.

Anza na maagizo unayotoa kabla ya doria. Katika majaribio aliyoyaanza Stanley Milgram mwaka 1961 katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, washiriki 26 kati ya 40 waliendelea hadi mwisho kumpa mtu mwingine kile walichoamini kuwa ni umeme wa volti 450, kwa sababu tu msimamizi aliyekuwa chumbani aliwaambia waendelee. Msimamizi alipotoa amri kwa simu, waliotii walipungua sana. Kwa hiyo usiseme "nendeni mkasafishe mtaa" halafu ushangae asubuhi. Taja anayetafutwa, kosa lake na kiwango cha nguvu kinachoruhusiwa, na uwakumbushe askari wako kwamba Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 haikubali amri ya mkubwa kuwa kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria.

Wengi hupenda kutaja jaribio la gereza la Stanford la mwaka 1971, ambapo wanafunzi waliigiza walinzi na wafungwa, lililopangwa kuchukua wiki mbili likasimamishwa baada ya siku 6, kama ushahidi kwamba sare pekee humgeuza mtu. Sikubaliani nao, kwa kuwa baadaye ilibainika kwamba walinzi walihimizwa kuwa wakali. Funzo ninaloliona humo linamhusu zaidi kiongozi: akidokeza tu kwamba ukali unampendeza, atauona.

Kabla kikosi hakijatoka, hakikisha kila askari aliyevaa sare ana jina au nambari yake ya kazi mahali panapoonekana, kama sheria hiyo inavyotaka, maana anayejua kwamba hawezi kutambuliwa hajizuii sana. Wakazi wa Kisumu hawahitaji kuelezwa hatari yake. Agosti 2017, katika msako uliofuata uchaguzi, mtoto wa miezi sita alipigwa nyumbani kwao Nyalenda akafariki, na mwaka 2019 mahakama ya Kisumu iliyochunguza kifo hicho iliwalaumu polisi, wakiwemo makamanda ambao hawakushika rungu wenyewe.

Sikiliza pia lugha ya kikosi chako. Askari akiacha kuwaita watu kwa majina na kuanza kuwaita takataka, au akila kibandani bila kulipa na mwenye kibanda akaogopa kudai, zungumza naye siku hiyohiyo, usingoje malalamiko. Wafundishe makonstebo kwamba kumwambia sajini "afande, inatosha" ni wajibu wao wala si utovu wa nidhamu, kisha umlinde wa kwanza atakayethubutu, kwa sababu wenzake watatazama yatakayompata kuliko watakavyoyasikiliza mafunzo yako.

Kituoni, kila anayekamatwa aandikwe papo hapo katika OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kama Kifungu cha 49 cha Katiba kinavyoagiza, isipokuwa muda huo ukiisha mahakama haiketi. Kagua seli wewe mwenyewe, kwa saa zisizotabirika. Wanaosimamia vizuizi vya barabarani wabadilishwe mara kwa mara.

Mtu akijeruhiwa vibaya au akifa kutokana na nguvu iliyotumiwa na askari wako, linda eneo la tukio, wajulishe jamaa zake, na utoe taarifa mara moja kwa mamlaka huru ya kuchunguza polisi, IPOA, kabla wahusika hawajapata nafasi ya kukaa pamoja na kulinganisha maelezo yao.