Kabla Hujaandika Chuo Ulichokiacha Njiani Kwenye CV ya Kuomba Kazi Serikalini

Vijana wengi wa Mtwara na Lindi walioacha chuo hawakuacha kwa uzembe. Ada ya nyumbani inasubiri korosho, na minada huanza Oktoba wakati chuo nacho kinataka usajili. Bei ikishuka au malipo ya chama cha msingi cha ushirika yakichelewa, muhula umekwenda. Hakuna aibu hapo. Aibu huja pale unapoiandika miaka hiyo kana kwamba ulihitimu. Kwa hiyo kabla hujaingia kwenye mfumo wa maombi wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachoajiri watumishi wa umma, tandaza karatasi zako zote mezani.

Yale ya kawaida yamalize haraka. Nakala za cheti cha kuzaliwa na za vyeti vya shule zipigwe muhuri na wakili. Majina yafanane kwenye kila karatasi. Kama hayafanani, shughulikia hati ya kubadili jina sasa, si siku ya usaili. Wadhamini watatu, na kila mmoja ajue umemwandika. Umri usizidi miaka 45 kama hauko kazini Serikalini. Barua iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, iwe na sahihi, na isipingane na CV.

Sasa chuo. Jiulize kwanza ulifika ngazi gani, ndipo uandike. Vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, hupanda kwa ngazi za tuzo ziitwazo NTA: ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 astashahada, ya 6 stashahada. Aliyeachia katikati ya ngazi ya 6 hajatoka mikono mitupu. Kama alifaulu masomo yote ya ngazi ya 5, huenda anastahili cheti cha ngazi hiyo, ila chuo hakitamfuata kijijini kumpelekea. Mwandikie msajili wa chuo: jina kamili, namba ya usajili, kozi, miaka uliyosoma, na unachoomba, yaani cheti cha ngazi uliyomaliza kama kinatolewa, pamoja na transkripti, yaani orodha rasmi ya masomo uliyofaulu na alama zake. Ukiwa na deni la ada, tarajia karatasi kuzuiwa mpaka ulipe au mkubaliane namna ya kulipa. Fanya haya kabla tangazo halijatoka. Matangazo mengi hukaa wazi wiki mbili hivi, na wiki mbili hazitoshi kumaliza deni la ada.

Chuo kikuu ni habari nyingine. Shahada ya miaka mitatu inataka krediti, yaani vipimo vya uzito wa masomo, zisizopungua 360. Ukiacha na 240 huna shahada, na kwa kawaida huna stashahada pia. Una krediti 240, na ndivyo utakavyoandika. Hesabu masomo uliyofaulu tu. Sapu (mtihani wa marudio) ambayo hukuifanya na kari (somo ulilofeli ukalibeba kwenda mwaka unaofuata) uliyoondoka nayo hazimo kwenye hesabu, hata kama darasani ulikaa muhula mzima.

Hapa sasa ndipo watu wanapoumia. Tangazo la Mtendaji wa Kijiji Daraja la III limekuwa likitaka mwenye kidato cha nne au cha sita aliyehitimu astashahada, NTA ngazi ya 5, katika fani kama utawala, sheria au maendeleo ya jamii. Chukua binti wa Newala aliyesoma utawala, akamaliza ngazi ya 5, akaachia ngazi ya 6 muhula wa pili. Sifa anazo. Lakini astashahada anaiona ndogo, anaogopa kupitwa na wenye stashahada, basi anaandika: "Stashahada ya Utawala, 2020–2023." Hajaghushi cheti chochote. Ameandika jina la kozi na miaka aliyokuwa chuoni, na moyoni anajiambia si uongo. Kwenye mfumo anachagua kiwango cha stashahada, na mahali pa kuweka cheti anapakia matokeo ya mihula.

Hapo anaweza kukatwa mapema, kwa sababu matangazo yanasema wazi kwamba matokeo ya muda na hati za matokeo havikubaliwi badala ya cheti. Mbaya zaidi ni akipenya. Ataitwa usaili, atakopa nauli, atalala safarini, na asubuhi ataambiwa aoneshe vyeti halisi kabla ya kuingia. Akisema cheti kiko chuoni, hakuna wa kumsikiliza. Na cheti cha ngazi ya 5, ambacho ndicho tangazo lilikitaka, hakukifuata wala hakukiandika. Kazi aliyokuwa na sifa nayo imempita kwa sababu ya ngazi ambayo hakuna aliyemwomba.

Usijifariji kwamba ukishaajiriwa mambo yameisha. Uhakiki wa vyeti vya watumishi, ambao taarifa yake ilikabidhiwa kwa Rais Magufuli Aprili 2017, uliwakuta watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakiwemo waliokuwa kazini miaka mingi. Tofauti ipo kati ya kughushi cheti na kukuza CV, lakini mwishoni mwa maombi kuna tamko unalothibitisha kuwa taarifa zako ni za kweli, na matangazo yanaonya kuwa anayewasilisha sifa za uongo atachukuliwa hatua za kisheria.

Andika hivi. Kilichokamilika kikae juu: "Astashahada ya Utawala, NTA ngazi ya 5, Chuo fulani, Oktoba 2020 hadi Julai 2022." Chini kabisa ya sehemu ya elimu weka kichwa kidogo, "Masomo ambayo hayakukamilika," kisha mstari mmoja: "Stashahada ya Utawala, NTA ngazi ya 6, Chuo fulani, Oktoba 2022 hadi Machi 2023. Nilimaliza muhula wa kwanza, sikuhitimu." Wa chuo kikuu aandike: "Masomo ya Shahada ya Elimu, krediti 240 kati ya 360, sikuhitimu." Sababu si lazima uitaje. Ukiulizwa kwenye usaili, jibu kwa sentensi moja na uishie hapo.

Usiandike "natarajia kuhitimu" kama hujasajiliwa mwaka huu. Usiandike "niliahirisha" kama ulidisco, yaani chuo kilikuondoa kwa kufeli. Kuahirisha kuna barua ya chuo, na barua hiyo inaweza kuombwa. Kwenye mfumo, sehemu ya sifa za kitaaluma jaza zile ulizo na cheti chake tu. Masomo yasiyokamilika yabaki ndani ya CV unayoambatisha.

Je, unaweza kuacha kabisa kuyataja? Unaweza, kama kazi haihusiani nayo, mradi pengo la miaka usilizibe kwa kazi ya kubuni. Kama misimu hiyo ulikuwa karani wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ukipima korosho Tandahimba au ufuta Nachingwea na kuandika stakabadhi, iandike: ni uzoefu wa kumbukumbu na hesabu, na katibu wa chama anaweza kukuthibitisha. Ila aliyesoma kwa mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, akumbuke kwamba deni halifutiki kwa kutohitimu. Ukiajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na jina lako na chuo ulichokopea tayari viko kwenye kumbukumbu zao. Kujifanya hukuwahi kukanyaga chuo hakutafika mbali.

Anayetaka kumalizia aulize vituo vya Chuo Kikuu Huria, Mtwara na Lindi vyote vipo, kama krediti zake zinahamishika. Akishasajiliwa, CV inabadilika: sasa ni mwanafunzi, na ataandika mwaka anaotarajia kuhitimu.

La mwisho ni steshenari. Wengi huchapiwa CV pale stendi, juu ya CV ya mtu mwingine, na mstari wa mwenye CV ile ya zamani unabaki: "ninahitimu mwaka huu," au shahada usiyoijua. Soma faili zima mwenyewe kabla halijapakiwa. Nywila usimwachie mtu. Hifadhi nakala ya kila ulichotuma, maana miezi ikipita utasahau uliandika nini, na msaili atakuwa nacho mkononi. Kuomba kazi kwenye mfumo huo hakulipiwi. Anayekudai hela ya "kuboresha sifa zako" mkwepe.