Unga wa majani ya mlonge: kuchuma, kukausha kivulini na kuutumia kwa kipimo

Unga wa mlonge uliogeuka hudhurungi, au uliopauka kama majivu, ni unga uliokaushwa vibaya. Mti hauna kosa. Majani yalianikwa juani, au yalishindiliwa kwenye kiroba yakajichemsha yenyewe, au yalisagwa kabla hayajakauka. Faida nyingi ya mlonge hupotelea hapo, kati ya mti na kopo, ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye kukausha kuliko kwenye yale "magonjwa 300" ambayo wauzaji hupenda kuyataja. Mlonge ni mboga yenye lishe nyingi. Kazi yake ya dawa ipo, ila ni ndogo kuliko inavyotangazwa, tutaifikia.

Mti wenyewe

Mlonge, ambao pwani ya Kenya wengi huuita mzunze, una vijani vidogo vya mviringo visivyo na meno pembeni, vimepangwa kwenye vijiti vinavyogawanyika tena na tena. Maua yake ni meupe, na maganda ya mbegu ni marefu kama fimbo, yana pembe tatu. Huwezi kuuchanganya na mwarobaini ukiwa umesimama mbele yake: jani la mwarobaini lina meno kama msumeno na ni chungu. Yakishasagwa ndipo shida inapoanza, kwa sababu unga wote ni wa kijani. Fikicha jani bichi la mlonge unuse: lina ukali kidogo, unaofanana na figili.

Usichume kwenye mti ulio ukingoni mwa barabara yenye magari mengi, wala ulio jirani na bustani inayopuliziwa dawa. Vumbi la juu huoshwa likatoka. Dawa iliyoingia kwenye jani haitoki.

Kuchuma

Chuma asubuhi, umande ukishakauka lakini jua halijawa kali, au jioni. Jani lililochumwa na umande likarundikwa huoza njiani. Chukua majani yaliyokomaa, ya kijani kibichi kilichokolea. Ya manjano yaache, na yenye madoa au mayai ya wadudu yatupe. Machipukizi laini ya juu yanafaa zaidi kwa mboga ya siku hiyohiyo.

Kata tawi zima badala ya kuchuma kijani kimoja kimoja, na acha shina la kama mita 1 kutoka ardhini. Mti utachipua matawi mengi, na baada ya wiki 5 hadi 6 unaweza kukata tena. Usipokata, mlonge hukimbilia juu na majani yanakuwa mahali ambapo hata ngazi haifiki.

Matawi yasikae kwenye mfuko wa plastiki. Yabebe kwenye tenga au yafunge mafungu yasiyokaza, na uyafanyie kazi siku hiyohiyo. Ukiingiza mkono katikati ya rundo ukasikia joto, ujue tayari yameanza kuharibika, na rangi ya hudhurungi itakayotokea haiondoki tena.

Kuosha na kuchambua

Osha yakiwa bado kwenye vijiti, ni rahisi zaidi kuyakung'uta. Maji ya kwanza ni ya kutoa vumbi. Ya pili yatie chumvi gramu 10 kwa kila lita 1 ya maji, loweka dakika 3 hadi 5, kisha suuza kwa maji safi ya kunywa. Chumvi hupunguza vijidudu. Haigeuzi majani machafu kuwa salama. Ning'iniza mafungu au yaweke kwenye chujio mpaka yaache kudondosha maji.

Kisha chambua: shika kijiti kwenye ncha, vuta vidole kurudi nyuma, vijani vitapukutika. Vijiti vitupe au wape mbuzi. Kijiti kinachobaki hukauka polepole kuliko jani, na ndicho kinachopeleka unyevu ndani ya unga baadaye.

Kukausha

Hapa ndipo pa kuwa na subira. Jani bichi la mlonge, robo tatu yake au zaidi ni maji. Maji hayo yanatakiwa yatoke haraka kiasi cha kutoruhusu kuvu, lakini bila joto kali na bila mwanga wa jua moja kwa moja, kwa sababu mwanga ndio unaoharibu karotini, ile ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kwa hiyo: kivuli, hewa inayopita, tabaka jembamba.

Tengeneza fremu ya mbao na uwambe wavu wa nailoni wa madirishani au kitambaa chepesi cha pamba. Chandarua kisitumike. Vyandarua vingi vinavyogawiwa siku hizi vimewekwa dawa ya kuua mbu, na majani mabichi yatalala juu ya dawa hiyo siku nzima. Inua fremu angalau nusu mita kutoka sakafuni ili hewa ipite chini pia. Tandaza majani yasizidi kilo 1 kwa kila mita moja ya mraba. Ukiona yanalaliana mpaka huoni wavu, umezidisha. Funika juu kwa kitambaa chepesi kuzuia nzi na vumbi, na wazuie paka na kuku wasiingie chumba hicho.

Geuza angalau mara moja kwa siku, kwa mikono iliyooshwa na kukaushwa. Mahali pakavu kama Dodoma au Singida, siku 2 zinaweza kutosha. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja hesabu siku 3 hadi 4, na jioni funga madirisha kwa sababu hewa ya usiku ya pwani hurudisha unyevu kwenye majani. Yakifika siku ya nne bado yanapindika bila kuvunjika, usiendelee kusubiri. Yamalizie kwenye kikaushio siku hiyohiyo, na kama yana harufu ya uvundo yatupe. Wakati wa masika ni afadhali ule mlonge mbichi kuliko kupigana na mvua.

Mwenye kikaushio cha sola chenye paa linalozuia mwanga asitoke kwenye nyuzi 35 hadi 55 za Selsiasi. Hapo kazi huisha kwa saa chache. Oveni ya jiko la gesi ni ya hatari kidogo, kwani moto wake wa chini kabisa mara nyingi huzidi nyuzi 100. Ukiitumia, acha mlango wazi kidogo na weka kipimajoto ndani. Kukaanga majani kwenye karai, kama baadhi ya watu wanavyofanya ili wawahi soko, kunatoa kitu kinachonukia vizuri na kisicho na maana.

Utajuaje yamekauka? Fikicha machache kwenye kiganja: yavunjike na kuwa chenga, yakiwa na sauti ya karatasi. Kipimo cha uhakika zaidi ni mizani. Gramu 1,000 za majani yaliyochambuliwa, na yasiyo na maji ya kuoshea, zikikauka sawasawa hubaki kama gramu 230 hadi 270. Zikibaki gramu 350, maji bado yamo, hata kama mkono unakudanganya. Njia ya tatu haihitaji kifaa: jaza majani makavu kwenye chupa ya kioo, funga, acha usiku kucha. Asubuhi ukikuta ukungu wa mvuke kwenye ukuta wa chupa, rudisha majani kwenye wavu.

Kusaga na kutunza

Kinu na mchi vinatosha kwa matumizi ya nyumbani. Brenda nayo ni sawa, lakini saga kwa sekunde 20 hadi 30, pumzisha, saga tena. Ukiiacha ikimbie mfululizo jagi hupata joto na unga huanza kunata. Mashine ya posho iepuke. Ndani yake daima kuna masalia ya unga wa mahindi, na mahindi yakiwa na sumukuvu unaibeba mpaka kwenye mlonge wako. Chekecha kwa chekecheo laini, na makapi yanayobaki yasage tena au yatie kwenye supu.

Unga mbichi wa kinu huvuta unyevu haraka kuliko jani zima, kwa hiyo baada ya kuchekecha utandaze upate joto la nyuzi 50 kwa nusu saa, uache upoe kabisa, ndipo ufungashe. Ukifungasha ukiwa wa moto, mvuke utaganda ndani ya kopo na kuvu wataanzia kwenye mfuniko. Tumia chupa ya kioo cheusi au kopo lisilopitisha mwanga, jaza mpaka karibu na juu, andika tarehe, weka mbali na jiko. Ukitunzwa mahali pa baridi, chini ya nyuzi 24, hukaa hadi miezi 6. Kwenye joto la pwani bila friji, tengeneza kidogo kidogo wa kutosha mwezi mmoja au miwili. Ukibana unga kiganjani ukabaki donge, una unyevu. Ukinuka uvundo au ukiota utando wa kijivu, tupa wote; kuchekecha hakuondoi sumu ya kuvu.

Kuutumia

Kijiko kimoja cha chakula kisichofurika ni kama gramu 8, cha chai ni kama gramu 2.5 hadi 3. Mtu mzima aanze na nusu kijiko cha chai kwa siku, apande taratibu ndani ya wiki moja hadi vijiko 1 au 2 vya chai. Kijiko kimoja cha chakula kwa siku kinatosha kabisa. Anayeanza na vijiko viwili vikubwa kwa pupa huishia kuharisha na kuumwa tumbo, halafu huambiwa eti "mwili unatoa sumu". Hakuna sumu inayotoka; ni tumbo limezidiwa.

Tia unga kwenye uji, mchuzi wa maharage au mtindi baada ya kuipua motoni. Kuchemsha hakuondoi protini wala madini, lakini huzidi kupunguza vitamini. Ukikamulia limau au ukala chungwa pamoja nao, mwili hufyonza madini ya chuma vizuri zaidi. Chai ya majani iliyonywewa wakati huohuo huyazuia.

Sasa hesabu ambayo matangazo huiruka. Gramu 100 za unga zina protini kama gramu 25 na kalsiamu inayokaribia miligramu 2,000. Ni nyingi kweli, lakini hakuna anayekula gramu 100. Kijiko chako kimoja cha chakula kinakupa protini gramu 2 hivi, wakati yai moja lina gramu 6, na kalsiamu miligramu 160 hivi. Ni nyongeza nzuri kwenye sahani yenye ugali na mchicha, haiwezi kuwa badala ya sahani. Na ile sifa ya vitamini C kuzidi machungwa ni ya jani bichi. Likikaushwa, sehemu kubwa hupotea.

Mtoto aliye chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama tu. Anayekula tayari anaweza kutiliwa majani mabichi yaliyopikwa kwenye mboga ya familia, na unga uwe wa kubana kwa vidole. Mama anayenyonyesha anaweza kula majani bila shida. Ufilipino, ambako mti huu huitwa malunggay, supu yake hupikiwa hasa wazazi ili maziwa yaongezeke.

Nani aangalie

Mlonge unaweza kushusha sukari na presha kidogo. Ndiyo sababu anayetumia metformini, glibenclamide, insulini au vidonge vya presha asianze kuutumia kimyakimya: dawa na mlonge vikisukumana upande mmoja, sukari inaweza kushuka mpaka mtu akatetemeka na kuanguka. Mwambie daktari, pima sukari mara nyingi zaidi wiki za mwanzo, na dozi ya dawa isipunguzwe na mgonjwa mwenyewe. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ajue kwamba majani haya, kama mboga nyingine za kijani, yana vitamini K inayopinga dawa hiyo. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kwa sababu ya potasiamu, na anayemeza dawa ya tezi ya shingo aulize pia.

Mizizi na magome usiyaguse, hasa ukiwa mjamzito. Yana kemikali kali zisizofanana na za majani, na hutajwa kwa kusababisha mji wa mimba kukaza. Mbegu nazo zimekuwa za kutafunwa asubuhi kama karanga; nyingi huleta kutapika na kuharisha. Kazi yake bora ni kwenye maji ya mto yenye tope: mbegu 1 iliyomenywa na kutwangwa kwa lita 1, koroga kwa nguvu dakika moja, kisha polepole dakika 5, acha saa nzima, mimina maji ya juu taratibu. Tope litakuwa limezama. Maji hayo bado yachemshwe.

Ukinunua au ukiuza

Unga ulio kwenye mifuko ya plastiki inayoona, iliyoning'inizwa juani kibandani, uache hata kama bei ni nzuri. Muulize muuzaji ulisagwa lini. Uzuri ni kijani kilichochangamka, harufu ya majani makavu, na ladha ya mchicha yenye ukali kidogo. Uchungu mkali uliobaki kooni unaonyesha kuna mwarobaini au kitu kingine ndani.

Anayetaka kuuza Tanzania aamue mapema anauza nini. Unga kama chakula upo chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ambalo lilikabidhiwa usimamizi wa chakula mwaka 2019. Ukiandika kwenye kopo kwamba unatibu ugonjwa fulani, umehamia upande wa dawa, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililowekwa na sheria ya 2002, lina maswali yake. Kwa mwenye fremu mbili za wavu na brenda moja, lebo yenye jina, uzito, tarehe ya kusagwa na maneno "weka mbali na unyevu na mwanga" inatosha kuanzia mazungumzo na TBS.