Toa upepo kwenye pawa stelingi kabla ya kuwasha injini

Ukifunga stelingi boksi (boksi inayopokea mzunguko wa usukani na kugeuza magurudumu) au pampu mpya ya pawa stelingi kwenye pikapu, usiwashe injini kwanza: toa upepo, yaani hewa iliyonaswa ndani. Nimeonyeshwa wiki hii kwenye gereji moja Unga Limited, Arusha, tukifunga boksi ya Hilux ya zamani. Inua magurudumu ya mbele, weka stendi (jeki peke yake haitoshi, tafadhali), jaza oili ya pawa stelingi kwenye kikopo chake. Washa swichi usukani usijifunge, ila injini iwe imezimwa, kisha zungusha usukani polepole kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, mara 15 hadi 20. Mwenzako asimame karibu na kikopo: ataona mapovu yakipanda na oili ikishuka. Aongeze kila inaposhuka, isikauke kabisa. Mapovu yakikoma, ndipo uwashe.

Pampu ikizungushwa na injini wakati kuna upepo, inaukoroga ndani ya oili mpaka inakuwa kama maziwa. Usukani unakuwa mzito, pampu inanguruma, na povu hilo halilainishi kitu, kwa hiyo pampu mpya inaanza kulika siku ya kwanza. Kwa mkono, pistoni ya ndani ya boksi inasukuma oili taratibu na upepo unapanda kwenye kikopo.

Mapovu yasipoisha, angalia hosi inayotoka kwenye kikopo kwenda kwenye pampu. Klipu ikilegea, pampu inavuta hewa hapo hata kama nje huoni tone. Na kama shida ni pleyi ya usukani (unacheza kidogo kabla magurudumu hayajageuka), kutoa upepo hakutasaidia, kagua tairodi, vyuma vinavyosukuma magurudumu yageuke.