Jinsi ya kuombea shamba la mizabibu jina la Châteauneuf-du-Pape

Weka fomu kando, anza na ramani. Jina hili la mvinyo linalindwa kisheria, nalo hupewa ardhi kabla ya mvinyo, na ardhi yenyewe iko katika manispaa tano tu za kusini mwa Ufaransa: Châteauneuf-du-Pape, Orange, Courthézon, Bédarrides na Sorgues. Hata humo si kila mahali. Mpaka unakwenda kiwanja kwa kiwanja. Jirani yako anaweza kuwa na mizabibu kama yako na bado akauza kwa jina la Côtes du Rhône, kwa bei ya chini. Dalali atakuonyesha yale mawe ya mviringo yanayosifika huko, lakini mawe si ushahidi. Mwombe namba za viwanja, uzilinganishe na ramani ya INAO, taasisi ya Ufaransa inayosimamia majina haya, kwenye ofisi ya meya. Ofisi ya meya ya Châteauneuf-du-Pape mwaka 1954 ilipiga marufuku visahani vya angani kutua katika eneo lake, kwa hiyo usishangae wakichukulia mipaka kwa uzito.

Ukishakubaliana bei, notari ataiarifu Safer, chombo chenye haki ya kununua shamba la kilimo kabla yako. Wana miezi miwili ya kujibu. Usinunue trekta bado.

Sasa kuna daftari la mizabibu, CVI, linalotunzwa na idara ya forodha. Hapa ndipo tulipozungushwa. Kila kiwanja kimeandikwa humo aina ya mzabibu, mwaka wa kupandwa na nafasi kati ya mistari. Letu lilisema Grenache tupu. Shambani, mistari ya chini ilikuwa Cinsault. Zote zinaruhusiwa, zimo kwenye zile aina 13 maarufu, lakini karatasi haitaki kujua hayo: maombi yakarudi. Dirisha moja likataka saini ya muuzaji. Dirisha la pili likasema muuzaji si mmiliki tena, saini yake haina kazi. Muuzaji mwenyewe, hela ikiwa imeshaingia, hapokei simu.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini, tembea mstari kwa mstari na muuzaji, nakala ya daftari mkononi. Nenda wakati kuna majani, maana kipindi cha baridi vishina vyote vinafanana. Jani la Grenache halina manyoya na linang'aa. La Cinsault lina mikato mirefu, na ukiligeuza utaona vijinyoya. Kasoro yoyote, mwambie notari aandike kwenye mkataba kwamba muuzaji atarekebisha daftari kwanza, ndipo alipwe.

Daftari likikaa sawa, tamko la utambulisho kwa chama cha wakulima wa jina hilo ni la kujaza tu. Mkaguzi akija atauliza mambo yanayojulikana: mavuno ya msingi hektolita 35 kwa hekta, kilevi kisichopungua asilimia 12.5, zabibu kuchumwa kwa mkono na kuchambuliwa. Mashine ya kuvunia ni marufuku. Mvinyo wa rozé pia usiutaje, jina hili ni la mwekundu na mweupe tu.

Baada ya mavuno unajaza tamko la mavuno mtandaoni, mwisho tarehe 10 Desemba. Usingoje usiku wa mwisho. Wakulima wenzako wote wanaungoja huohuo.